Milioni Moja na Moja

Juzi nilipita Makindye, kwenye uchochoro tulikokuwa tunapanga. Nyumba yetu imebomolewa, na ukuta wa nyuma, ule tulioujaza hesabu, umeenda nayo. Nilisimama kidogo, kisha nikaona haya, nikaendelea na safari.

Kama ulikulia karibu na sigiri, harufu ya asubuhi zile unaijua: moshi wa makaa, sombe ya jana inapashwa moto, sabuni ya jirani anayefua. Yaya alilala hapo nje kwenye mkeka, jua limpashe mifupa. Yaya ndivyo sisi tuliotoka Kongo tunavyomwita dada mkubwa. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na mwaka ule maumivu yalimkatisha shule.

Mwalimu wake akamletea namba: milioni moja na moja. Atafute kinachoigawa bila kubakiza.

"Na usihangaike na sita," alimwambia. "Mbili na tatu zitakuwa zimeshakujibu. Jaribu namba tasa tu."

Yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Yaya aligawa kichwani, mimi nikaandika ukutani kwa mkaa. Saba, zikabaki mbili. Kumi na moja, mbili tena. Kumi na tatu, mbili tena.

"Inatucheka hii," alisema Yaya. "Na wewe simamisha hiyo saba, imelala kama mlevi."

Mama alikuwa akisonga fufu. "Ukuta wa watu huo! Mwenye nyumba akitufukuza, mtalala ndani ya namba?"

Maumivu yakimshika tuliacha, mama akamkanda miguu kwa maji moto. Mara nyingine alipelekwa hospitali. Alirudi amekonda, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Tulifika wapi?"

Tulifika tisini na saba. Chati ya tasa ukutani darasani iliishia hapo, na sisi tulidhani zenyewe zinaishia hapo.

"Haigawanyiki," alisema Yaya. "Nimeimaliza."

Jioni mwalimu alikuja. Aliusoma ukuta kwa muda mrefu, akafungua mdomo, kisha akaitazama miguu ya Yaya iliyovimba.

"Umefanya kazi, mwanangu," alisema.

Yaya alicheka mpaka akakohoa. Wiki ileile tulimzika.

Mama hakutaka tena hesabu nyumbani, nami mwaka uliofuata niliacha shule. Sasa nashona nguo. Siku moja, nikingoja umeme urudi, nilishika chaki ya kitambaa, nikajaribu mia moja na moja, tasa inayofuata baada ya tisini na saba. Hakikubaki kitu.

Nikaelewa neno ambalo mwalimu hakulisema. Kama namshukuru, sijui. Sauti ile ya Yaya ikigawa polepole juani siisikii tena popote, na wa kumpelekea jibu hayupo. Lilikuwa limebaki jaribio moja tu, na nguvu za jaribio moja Yaya alikuwa nazo.