Bima ya Moto

Baba alipostaafu kazi ya reli, alijenga nyumba ya matofali katika mtaa wa Nyalenda ya chini, karibu na matete ya ziwa. Aliikatia bima, akatuambia kwamba hata nyumba ikiharibika, tutajengewa nyingine. Hakuna aliyemuuliza, ikiharibiwa na nini.

Masika moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, maji yaliingia asubuhi tukinywa chai. Yalipanda polepole mpaka yakafika madirishani, tukakimbilia kanisani. Yalipopungua, tulikuta ukuta wa nyuma umeanguka.

Ajenti wa bima alikuja amevaa gambuti. Akatazama, kisha akasema kwa upole, "Mzee, hii bima ni ya moto na wizi. Mafuriko haiko."

"Lakini ulipokuja kuniuzia bima uliona matete," Baba akasema. "Ulidhani nitaungua?"

Ajenti akaaga.

Mama alituhamisha kwa dada yake, katika mtaa wa Mamboleo, ambako ardhi imeinuka. Baba alikataa katakata kuja. Alibaki peke yake katika chumba kilichosalia, kuta zikinuka tope, akikohoa. Masika yaliyofuata yalimkuta amelazwa hospitalini, na hakutoka akiwa hai.