Mashine ya Marivic na Boksi la Isko

Mimi sina sikio la kelele. Mchana kutwa nauguza wagonjwa, na nikirudi nyumbani nataka kimya, wali wa moto na miguu yangu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Lakini kaka yangu Pilo alijaliwa binti, binti akajaliwa wazimu wa kukwaruza santuri kama madijei, na chumba changu kiko juu ya gereji. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na jirani. Yalinijia kupitia sakafuni.

Mwaka huo Marivic alikuwa anatimiza miaka kumi na minane. Kwetu Wafilipino, hata tuliohamia huku Daly City, Marekani, kwenye ukungu, msichana akifikia umri huo hukodiwa ukumbi na kushonewa gauni, na wanaume kumi na wanane humpa kila mmoja waridi na kucheza naye, wa kwanza akiwa baba yake. Marivic alikubali gauni na mawaridi, ila alitoa sharti moja: mawaridi yakiisha, muziki apige yeye.

Binamu yake Rodel, mkubwa wa kundi la madijei wa mtaani kwetu, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Kucha zako si zitabaki kwenye santuri?"

"Zikibaki zitaota nyingine. Akili yako je, itaota lini?"

"Haya, mdomo unao. Watu wakicheza mpaka zamu yako iishe, umeingia kundini. Wakirudi kwenye viti, utatubebea spika mpaka uolewe. Na uje na mashine yako. Zangu hazishikwi na mtu."

Wakapeana mikono. Nilimwambia, mtoto wewe, umejipalia makaa.

Mashine aliipata kwa jasho lake. Ukumbi mmoja wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu ulikuwa unafungwa, akaenda kuwasugulia sakafu Jumamosi baada ya Jumamosi, mwishowe wakampa mashine yao ya santuri. Ilikuwa mbaya ya kutisha. Haikuwa na kifuniko, ubavuni ina alama za sigara, na uzito wake kama gunia la mchele. Akaiburura mpaka chini ya ngazi kama mtu aliyeokota dhahabu.

Pilo alipoiona hakupiga kelele, na kwa Pilo sauti ya chini ndiyo ya kuogopa. Kaka yangu alikaa jeshi la wanamaji la Marekani nusu ya ujana wake, akiwaandalia maofisa meza. Alikula walichobakiza, akavaa walichokichoka.

"Mabaki ya watu hayaingii nyumba hii," alisema. "Nimeyala mimi, yametosha."

Wiki ya sherehe akamletea mpya. Inang'aa, ina taa nyekundu na kifuniko cha kioo, na boksi lake limefungwa utepe. Mwanamume mzima alikuwa akiifuta vumbi lisilokuwapo. Marivic alichukua mkono wa baba yake akaugusisha kwenye paji la uso wake, kwa heshima ya kwetu, akashukuru.

Siku moja kabla ya sherehe nilirudi kazini nikamkuta gerejini, uso umempauka.

"Shangazi, weka kidole juu ya sahani hii inayozunguka. Izuie. Sasa achia."

Nikaachia. Wimbo ulirudi ukijikokota, sauti nzito kwanza kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha ndiyo ikapanda mahali pake.

"Hii inazungushwa na mkanda wa mpira," alisema. "Nikiishika, mkanda unateleza. Nikiiachia, inachelewa. Kukwaruza ni kushika na kuachia, Shangazi, hakuna kingine. Ile ya zamani mota iko chini ya sahani yenyewe. Ukiachia, inaondoka papo hapo."

"Basi tumia ile."

"Haipo chini ya ngazi."

Tukapanda juu mbio. Sebuleni palikuwa na boksi la kupeleka nyumbani, lile ambalo kila familia ya kwetu hulijaza pole pole pembeni: sabuni, nyama ya kopo, taulo, nguo zilizotubana. Letu huenda Pangasinan, Ufilipino, kwa mdogo wetu Isko. Pilo alikuwa amelikalia ili lishuke, na mkewe Erlinda analizungushia karatasi ya gundi.

"Mama, ile mashine kuukuu?"

"Imo humu," Erlinda alijibu bila kuinua kichwa. "Wewe si umepata mpya? Nimeifunga kwa makoti ya baba yako. Isko atafurahi."

Marivic akaweka kiganja juu ya boksi. Baba yake akamtazama akitabasamu.

"Umeijaribu yangu?"

"Ndiyo, Baba. Ni nzuri."

Nilitamani kumfinya. Nje lori la kuchukua boksi lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, na kesho ukumbi mzima ungemwangalia. Kusema kwamba zawadi ya baba haifai ni aibu kwetu. Kunyamaza ni kubeba spika za Rodel.

"Nzuri kwa kusikiliza," akasema tena, polepole. "Kwa kukwaruza haifai. Naiomba ile ya zamani."

Erlinda akaacha gundi. Pilo hakunyanyuka.

"Nimesema mabaki hayaingii nyumba hii."

"Sasa kwa nini tunampelekea Baba Mdogo Isko?"

Kiganja changu kilinyanyuka chenyewe, Mungu anisamehe. Mtoto hasemi hivyo kwa baba yake. Lakini hakikufika popote, maana niliona uso wa Pilo. Mwaka uliopita tulimpelekea Isko viatu vya kazi vya Pilo mwenyewe. Vilimzidi mno, na bado alishukuru, akasema anavijaza magazeti mbele, vinamkaa vizuri kabisa. Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka kuliko wote.

Honi ikalia tena. Pilo akashuka kutoka juu ya boksi.

"Konsola, kisu," akaniambia.

Akalikata. Sabuni, makopo na chupi za Erlinda zikatapakaa mpaka kizingitini, majirani wanachungulia. Dereva akaingia, mikono kiunoni.

"Kaka, mnapakia au mnapakua? Niambie nikalale kwanza."

"Ngoja!" Pilo alifoka. Akaitoa ile ya zamani, akaifuata mpya gerejini, akairudisha kwenye boksi lake, akalifunga utepe, akalilaza katikati ya mataulo ya Isko. Kisha akamgeukia bintiye. "Umechagua mwenyewe. Kesho ikikuaibisha, usinitazame mimi."

Kutoka hapo hakumwambia neno. Hata ukumbini, alipompa waridi la kwanza na kucheza naye, alitazama juu ya kichwa chake.

Mawaridi yakaisha. Marivic akavua viatu, akasimama nyuma ya meza akiwa na gauni lake lote, Rodel ubavuni amekunja mikono. Akaweka kidole, akazuia, akaachia, na ile takataka ikaitika kama mtumishi mwaminifu. Krrk, krrk! Vijana wakapiga mayowe, wakajaa katikati, wakaanza kurukaruka.

Hapo ndipo lilipotupata jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Gerejini kwetu chini ni saruji. Ukumbi ule sakafu yake ilikuwa mbao. Watu wakiruka, sakafu inaruka, meza inaruka, sindano ya santuri inaruka. Wimbo ukajikwaa, ukajikwaa tena. Mtu akazomea. Watu wawili wakarudi kwenye viti, kisha wanne. Marivic alibonyeza meza kwa kiwiko huku mkono mwingine ukihangaika, jasho likimharibia poda, na hakumtazama baba yake. Alikuwa amekatazwa.

Mimi nilimtazama. Pilo alinyanyuka. Akapita meza za wageni akizoa vitambaa vya mezani, akavichovya kwenye jagi la maji, akavikamua mpaka vikabaki na unyevu tu. Mama yangu, maji na umeme! Lakini mikono yake ilijua. Kwenye meli, bahari ikichafuka, ndivyo alivyokuwa akizuia sahani za maofisa zisicheze. Akavikunja mara nne, akainua mashine upande mmoja mmoja, akavisukuma chini ya miguu yake.

Sindano ikatulia kidogo, ila meza bado inadunda. Basi kaka yangu, aliyeapa hatahudumia tena meza ya mtu, alipiga magoti akiwa na shati lake jeupe la sherehe, akaingiza bega chini ya ubao na kuukumbatia mguu wa meza. Wimbo ukanyooka. Waliokaa wakanyanyuka. Rodel alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta njia ya kutokea, kisha akapiga magoti upande wa pili.

"Shangazi, usicheke," akaniambia.

Sikuwa nacheka, nilikuwa nalia. Marivic hapo akavunja amri, akainamisha kichwa akamtazama baba yake.

"Unaangalia nini?" Pilo alimfokea kutoka chini. "Piga muziki. Meza ninayo mimi."