Hati Niliyoipeleka Darasani

Nimejiaibisha kwa mdomo wangu, basi acheni niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Shule yetu inafuata mtaala wa Marekani, na mimi niko darasa la juu la historia. Wiki iliyopita nilisimama kuwasuta waasisi wa nchi ile, walioandika kwamba binadamu wote ni sawa huku mashambani mwao wakimiliki watu. Nilipigiwa makofi, kichwa kikavimba.

"Sisi watu wa Amu," nikaongeza, nikiitaja Lamu kwa jina lake la kwetu, "ni waungwana tangu zama hizo."

Nikatoa hati ya urithi ya babu wa babu yangu, niliyomwomba mama ili niwaonyeshe uungwana wetu. Kuisoma sikuweza. Nimezoea herufi za Kiarabu za msahafu, zenye irabu, na khati ile ya mkono haina hata moja. Hilo sikulisema. Nilimpa Mwanaisha, msichana wa Pate ambaye baba yake anasomesha madrasa.

"Tusomee, wasikie."

Akasoma polepole. "Nyumba ya mawe. Vitanda viwili. Shamba la Kililana." Kidole chake kikasimama kwenye mstari.

"Endelea," nikamhimiza, kifua mbele.

"Na watumwa wanne wa shamba," akasema bila kuniangalia. "Feruzi, Mabruki, Faida, na mtoto wa Faida anyonyaye."

Darasa zima likageuka kunitazama. Nikanyoosha mkono nirudishiwe karatasi yangu.

"Ngoja kwanza," akasema Mwanaisha, akiisogeza karibu na macho. "Mwalimu, huyu mtoto hawakumwandika jina."