Chupa Ilikuwa Imeandikwa

Zamda alikuwa Posta, anashusha madumu ya sabuni kwenye mgahawa uliokuwa ukinunua kwake kila wiki, simu ilipoita. Mumewe, Abbasi, hakusalimia.

"Rudi nyumbani. Mama kanywa dawa yako."

Dawa yenyewe ilikuwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Zamda alikuwa ameiyeyusha kwenye maji na kuitia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Siku zote aliiweka uani, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Wiki ile maji ya mvua yalikuwa yamejaa uani mpaka kwenye kizingiti, akaiingiza jikoni, akaisimamisha rafu ya chini kabisa, akisema kesho uwanja ukikauka itarudi nje. Na hakuiacha hivihivi. Alichukua kalamu nene ya wino mwekundu akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: SUMU. USIGUSE.

Bi Swaumu, mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na tatu, aliingia jikoni baada ya sala ya adhuhuri. Joto lilikuwa limemzidi. Alichukua chupa, akafungua, akapiga funda moja. Sehemu kubwa aliitema. Kile kidogo kilichopita kilitosha kumchoma ulimi na koo.

Alilazwa siku kumi na tisa, analishwa kwa mrija. Kwenye varanda ya wodi, Fatuma, dada yake Abbasi, alimkuta Zamda amekaa sakafuni, mkoba mapajani.

"Kwenye chupa ya maji, Zamda? Chupa ya maji ya kunywa?"

"Niliandika, wifi. Wallahi niliandika sumu, kwa wino mwekundu."

"Sasa mama alikuwa haoni?"

Neno hilo, niliandika, likawa ngao ya Zamda. Alilisema kwa daktari, akalisema kwa majirani waliokuja kutoa pole, na akiwa peke yake anafua alijikuta analisema kwa sauti. Kwa kuwa chupa ilikuwa imeandikwa kweli, na kila mtu aliiona, familia ikabaki na maelezo mawili tu: ama macho ya mama yamekwisha, au akili yake imeanza kwenda. Abbasi akaanza kuulizia daktari wa macho. Fatuma alikwenda mbali zaidi. Siku mama yake aliporudi nyumbani, alichukua ufunguo wa jiko kutoka kwenye pindo la kanga ya mama, taratibu kama mtu anayemvua mtoto viatu, akampa Zamda.

"Mama asiingie tena jikoni peke yake."

Bi Swaumu alilishika lile pindo tupu. Sauti ilikuwa haijarudi, na hata ingekuwepo, pengine asingesema. Ile nyumba ya Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita iliyobanwa na maghorofa pande mbili, aliijenga yeye na marehemu mumewe. Jiko lile alilishika miaka arobaini na minane.

Zamda aliacha sabuni. Mapipa na dawa zote alimpa mwenzake mwenye banda la kazi Buguruni, asitake hata kusikia yamefikaje. Lakini alipofungua makabati ya nyumba alitishika upya. Mafuta ya taa yalikuwa kwenye dumu la mafuta ya kula. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ilikuwa kwenye chupa ya soda. Chumvi na sabuni ya unga vilikaa kwenye makopo mawili ya aiskrimu yanayofanana kama pacha. Kila mmoja wao pale nyumbani alikuwa akijua kwa mazoea, na mazoea ndiyo yaliyowafikisha hospitali. Akaamua kila chombo kitakuwa na jina, kwa maandishi ya mashine, makubwa, ambayo hata macho mabovu yatayaona.

Duka alilopata lilikuwa Mtaa wa Aggrey, limejaa kalkuleta, rimu za karatasi na mashine ndogondogo. Mwenyewe aliitwa Idrisa, mtu wa rika lake, miwani ameipandisha kichwani.

"Karibu dada. Mashine ya lebo ya dukani au ya nyumbani?"

"Ya nyumbani. Kuna mgonjwa wa macho."

Idrisa alimwekea mbili kaunta. Moja ilikuwa na vitufe vya herufi kama simu za zamani, na mkanda wake ulikuwa na ngozi ya plastiki juu ya maandishi. "Hii hata uoshe chombo kila siku, haifutiki." Ya pili haikuwa na kitufe hata kimoja isipokuwa cha kuwashia. Hiyo ilipokea kila kitu kutoka kwenye simu. Zamda aliipenda ya vitufe. Aliomba achapiwe neno moja kwa ukubwa tofauti, akamjaribishie mgonjwa kwanza kabla hajanunua. Idrisa akachapa SUKARI mara tatu: ndogo, ya kati, kubwa.

Alasiri hiyo Zamda aliingia chumbani kwa mkwewe, akavipanga vile vipande juu ya mto.

"Mama, nataka kuandika vitu vya jikoni. Ipi unaisoma vizuri?"

Bi Swaumu alikitazama kila kimoja. Akachukua kikubwa, akakisogeza, akakirudisha nyuma.

"Hii," alisema kwa ile sauti yake mpya, ya mkwaruzo. "Hii inasomeka."

Alikuwa amekishika juu chini.

Zamda alidhani ni macho. Akakigeuza taratibu, akamrudishia. "Na imeandikwa nini, Mama?"

Mama mkwe aliangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. Alikirudisha kile kipande juu ya mto, huku wapiga debe wa viatu wakinadi barabara ya pili.

"Mimi sikwenda shule, Zamda. Nilikwenda chuoni, nikahitimu Kurani. Herufi za chuoni nasoma, naandika. Baba yake Abbasi alipokuwa reli kule Tabora tuliandikiana kwa hizo miaka minne. Hizi zenu sizijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kanga. Muuzaji ndiye hunisomea jina, nami namwambia rudia, kama sikusikia."

Miaka kumi na sita Zamda ameolewa nyumba ile. Ameishi na mtu huyu, amepika naye, amemwona kila Ijumaa na msahafu mapajani, akadhani mtu anayesoma anasoma kila kitu.

"Mbona hukusema? Watu wanasema huoni. Wifi anasema..."

"Najua anachosema. Waache. Macho kuisha si aibu."

Hapo ngao ya Zamda ikaanguka. Aliandika, ndiyo, lakini aliwaandikia wale ambao tayari walikuwa wanajua. Yule mmoja aliyehitaji kuambiwa aliona chupa ya maji yenye michirizi myekundu. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, Mama."

"Koo likipona tutazungumza," alisema Bi Swaumu. "Na Fatuma asijue."

Kesho yake Zamda alirudi kwa Idrisa na swali jingine: mashine ipi inaandika herufi za Kiarabu? Ile ya vitufe ikaondoka kaunta palepale, haikuwa nazo. Idrisa akaandika neno kwenye simu, akalituma kwenye ile ya pili. Kipande kikatoka. Zamda, aliyekwenda madrasa utotoni, alikitazama akatikisa kichwa.

"Kaka, zimetawanyika. Hazikushikana hata moja. Tena zinaanzia kushoto badala ya kulia."

Idrisa alishusha miwani, akasoma, akaguna. Alijaribu tena, ikatoka vilevile. Akafikiri kidogo.

"Huyo mgonjwa wako anaweza kuandika kwa mkono?"

"Anaweza."

"Basi aandike mwenyewe kwenye karatasi nyeupe. Wewe piga picha. Mashine haitajua kama ni herufi, itachapa kama inavyochapa picha ya ua."

Ikabaki karatasi. Idrisa alimtolea rola za kawaida, Zamda akauliza wino unawekwa wapi. "Haina wino. Joto ndilo linaloandika." Akawasha kiberiti cha gesi, akakisogeza karibu na kipande. Lebo nzima ikawa nyeusi. Zamda alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana. Nionyeshe nyingine."

Nyingine ilikuwa ya plastiki, bei yake mara mbili. Idrisa alichapa kipande, lakini Zamda hakuichukua kwa maneno matupu. Aliichovya kwenye maji ya kunywa ya Idrisa, akaikwangua kwa kucha, kisha akapaka mafuta ya chipsi zilizokuwa kwenye mfuko kando ya kaunta. Maandishi yalibaki.

"Moto bado haipatani nao," Idrisa alimwonya. "Weka mbali na jiko. Futa chombo kwa spiriti kwanza, maana penye mafuta haishiki. Na juu yake pitisha selotepu pana." Alimfungia mashine, rola nne na selotepu mbili. "Dada, kwani kumetokea nini?"

"Kulitokea," alisema Zamda, akalipa.

Bi Swaumu hakukubali kuandika siku ya kwanza, wala ya pili. Herufi za chuoni zikibandikwa jikoni, kila anayeingia atajua. Zamda hakumsukuma. Mashine ilikaa kwenye boksi lake juu ya kabati. Siku ya nne, mama mkwe aliomba kalamu. Aliandika akiwa amekaa mkekani, mgongo umenyooka, mwandiko wake mzuri kiasi kwamba Zamda aliuonea haya wake. Chumvi. Sukari. Mafuta ya taa. Alipofika kwenye sumu alisita, kisha akaandika kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Ikabidi aandike tena.

Fatuma alikuja Jumapili. Aliingia jikoni kuchukua kikombe, akatoka bila kikombe.

"Nani kaandika vile vitu?"

Zamda alifungua mdomo ili aseme uongo wowote utakaokuja. Bi Swaumu akamtangulia.

"Mimi. Ndizo ninazozijua. Nyingine sikufundishwa."

Fatuma alisimama katikati ya ukumbi. Yeye alisomea uhasibu, na mtoto wake yuko chuo kikuu.

"Mama, ripoti zangu za shule. Nilikuwa nakuletea, unakaa nazo, unaziangalia, unaniambia hapa hujafanya vizuri. Ulikuwa unasoma nini?"

"Uso wako."

Fatuma alilia, mama yake akimtazama bila kumnyamazisha. Alipomaliza alikwenda kwa Zamda, akanyoosha mkono. Zamda alielewa, akampa ufunguo wa jiko, naye Fatuma akaufunga mwenyewe kwenye pindo la kanga ya mama yake. Kisha akageuka.

"Lakini chupa ya maji, Zamda."

"Najua, wifi."

Hakuongeza niliandika.

Kovu kooni kwa Bi Swaumu lilikaza. Kila baada ya wiki sita hurudi hospitali kupanuliwa njia ya chakula, na Zamda ndiye humpeleka, maana mgonjwa mwenyewe hataki mwingine. Anakula uji, wali laini, ndizi zilizopondwa. Nyama hajaigusa tangu siku ile. Lile suala la msamaha hakulitaja tena, wala Zamda hajathubutu kumkumbusha. Wanakaa pamoja jikoni asubuhi, mmoja anachambua mchele, mwingine anaelekeza kwa kidole, kwa kuwa kusema kunamchosha.

Vyombo vyote vina majina sasa, kwa mwandiko ule, na kwa herufi za shule chini yake. Hata hivyo Zamda hajaviamini. Kabla hajampa mkwewe kikombe chochote, hata cha maji aliyoyachota mwenyewe mbele ya macho yake, hukinusa, kisha huonja kwanza. Bi Swaumu humsubiri, mkono umenyooshwa.