Kemshafti ya Marehemu

Fundi hatulii. Anashika spana, anaifuta kwenye ovaroli, anaiweka, anashika ileile. Rahabu amekaa juu ya tairi, anaitazama mikono hiyo. Mumewe alizikwa mwezi uliopita, na ameacha lori lenye kemshafti ya mbio, chuma kinachofungua vali za injini: linasikika toka kijiji cha Kwai, lakini likibeba kabichi linazimika mlimani. Leo inarudishwa ya kiwandani.

"Shemeji, nikiitoa, ule mngurumo ndiyo basi tena," fundi anasema kwa mara ya tatu.

"Watoto hawali mngurumo, shemeji. Toa."

Anaitoa, anafunga nyingine. Anakagua alama za taimingi, zinazoonyesha kama vali zitafunguka kwa wakati, anaondoka, anarudi kuzikagua. Anazungusha injini kwa mkono, sikio limeinama, kama afanyavyo hata kwa pikipiki mbovu. Kisha anavua kofia, na Rahabu anaelewa kwamba anataka kusali.

"Bwana, tupandishe mlima," fundi anasali. "Amina."

Anawasha, na lori linaitika kwa upole, kama lori la mtu yeyote. Fundi anajiegemeza kwenye bodi na kufunika uso kwa mikono yenye grisi.

"Mimi ndiye niliyemfungia ile ya mbio. Alicheka siku nzima, shemeji."

Rahabu anapanda kwenye kebini, anazima injini, ili amsikie vizuri.