Baiskeli ya Rejareja

Muuza maziwa huyu mtaa mzima ulimwita Subiri, na jina lilimkaa sawasawa. Ukimuuliza atanunua lini baiskeli mpya, jibu lake lilikuwa moja tu: "Subiri kwanza, bei itashuka." Mwaka wa pili huo bei inapanda, naye haambiliki. Kila Jumatatu, akishamaliza kugawa maziwa, alipita kwenye duka la baiskeli, akaminya matairi ya ile nyekundu, akapiga kengele yake mara moja, akauliza bei, akaguna, akaondoka. Mwenye duka alishamzoea, hata kichwa hakuinua.

Lingekuwa lake peke yake, tusingekuwa na neno. Lakini alikuwa amemwahidi mke wake kwamba siku atakayonunua mpya, ya zamani itakuwa yake. Mke wake alikuwa dobi wa hospitali. Alikwenda kazini kwa miguu, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na katikati alishinda amesimama akisuuza mashuka. Jioni alikaa kizingitini akivua viatu taratibu, miguu imemvimba.

"Vipi mume wangu, imeshuka?"

"Bado kidogo tu."

Mwanamke akaweka viatu kando. Siku hizi alikuwa ameanza kushika hata zamu za Jumapili, na Subiri alidhani anajipendekeza kwa bosi.

Baiskeli yenyewe haikuwa na subira hiyo. Mnyororo ulikwisha, akanunua mnyororo. Rimu zikapinda, akanunua rimu. Kikafuata kiti, zikafuata pedeli, mwisho usukani, na kila kifaa kilimgharimu kuliko kilichotangulia. Kisha asubuhi moja fremu ikakatika palepale ilipochomelewa, maziwa lita ishirini yakamwagika barabarani, paka wakafaidi. Akaiburuta hadi kwa fundi.

Fundi aliizunguka mara mbili, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Kaka, hapa cha zamani ni fremu tu! Baiskeli mpya umeshanunua, tena kwa rejareja."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Subiri alirudi nyumbani, akachukua akiba yake yote, akapiga moyo konde. Leo ananunua, bei iwe iwavyo. Alifika dukani anahema, akakuta pale pa ile nyekundu pamebaki alama za matairi kwenye vumbi.

"Imeondoka leo asubuhi," alisema mwenye duka, na safari hii aliinua kichwa. "Kaja mama mmoja, kalipa, kapanda. Wala hakuuliza kama itashuka."

"Nyingine zinakuja lini?"

"Mwezi ujao. Na bei yake mpya."

Jioni aliikuta ile nyekundu imeegemezwa ukutani kwake. Alisimama akaitazama kama mgeni asiyejua abishe hodi au aondoke. Mke wake alikuwa kizingitini, viatu bado miguuni, hana haraka ya kuvivua. Zamu za Jumapili zikamrudia Subiri zote kwa pamoja, na aibu ikamshika hadi masikioni.

"Nimesikia fremu imekatika," mke wake alisema kwa upole. "Kesho maziwa utayapelekaje?"

"Kwa miguu."

"Basi lala mapema, mume wangu. Kwa miguu ni mbali."