Ukuta wa Jiko na Asumini ya Mzee Twahir

Mimi si mtu wa maua. Niulize habari za maharagwe, chapati, hata sukuma wiki, nitakujibu bila kusita. Ua kwangu lilikuwa kitu cha kanisani na cha makaburini. Ndiyo maana watu wa Mutuini, huku pembezoni mwa Nairobi, wanacheka wakisikia kwamba mwaka huu Kanini wa hoteli ya mabati nusura apigane na mzee wa watu kwa sababu ya maua ambayo hata hayakuwa yamefunguka. Wacheke tu. Hawakuwa na roho juujuu kama mimi.

Mzee mwenyewe ni Twahir, baba yake Aqil. Ni Mswahili wa Mombasa, amepita miaka sitini, mwembamba, na kofia yake haina doa hata msimu wa matope. Anauza leso kwenye duka la binamu yake huko mjini, Biashara Street, na ukimwona akimkunjulia mteja leso utadhani ni yeye aliyeichora. Yeye na mkewe, Bi Kijakazi, wanakaa nyumba ya kupanga iliyo ubavuni mwa hoteli yangu. Ni mtu wa kusema polepole. Mimi si mtu wa kusema polepole, lakini tunaelewana.

Walihamia huku kuwa karibu na mwana wao Aqil na wajukuu. Bi Kijakazi hakutaka kuja. Kilichomleta ni ahadi. Kule Mombasa, kila Alhamisi jioni mumewe alikuwa akirudi nyumbani na asumini zilizotungwa kwenye uzi, zimefungwa kwa jani la mgomba, na mkewe akizitia nyingine nyweleni na nyingine akizitawanya mtoni, mto wa kulalia. Mzee alinieleza habari za mto huku akitazama pembeni, nami nikajifanya nakoroga chai. Basi alimwahidi kwamba Nairobi au si Nairobi, Alhamisi zake atazipata.

Hakuzipata. Nani anauza asumini Nairobi? Alhamisi ya kwanza Mzee alirudi na waridi la dukani, limefungwa kwa nailoni na utepe mwekundu, na Bi Kijakazi akamuuliza ni nani aliyelazwa hospitali. Hapo ndipo Mzee alipoamua kupanda mwenyewe.

Mche wa kwanza aliuua kwa mapenzi. Aliumwagilia kila asubuhi kama mgeni anayekaribishwa chai, na udongo wetu huu mwekundu ukishika maji hauachi. Mizizi ikaoza. Wa pili aliununua Hurlingham, kwa wale wanaopanga miche kando ya barabara. Muuzaji alimwambia ni asumini, na ni kweli ilikuwa asumini ya namna yake, ya kutambaa. Ilipotoa ua, Bi Kijakazi alilinusa mara moja tu akasema hii si yetu. Wa tatu Aqil aliuleta kutoka Mombasa kwenye ndoo ya rangi, akaukabidhi kwa baba yake kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Na mara baridi ikaingia.

Wanaoijua Mutuini ya mwezi wa sita hawahitaji kuelezwa. Jua huliona kwenye televisheni. Magoti ya Bi Kijakazi yakaanza kumsumbua, akawa hatoki kitandani mpaka saa nne. Siku moja akamwambia mumewe kwamba dada yake Mombasa ana chumba kitupu, na kwamba mwisho wa mwezi ujao, Ijumaa, anakwenda kukaa huko. Si kutembea. Kukaa. Hawakugombana. Aliyasema hayo kama mtu anayesema sukari imekwisha.

Mzee alikuja kuniambia akiwa ameshika kikombe ambacho hakukinywa. Nikamuuliza alimjibu nini mkewe. Akasema alimjibu, "Sawa."

Nilikasirika. Mke wako wa miaka yote hiyo anakuambia anaondoka, wewe unasema sawa? Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya wateja.

"Mama Stacy," akaniambia, "mimi nilimpa neno langu nikashindwa kulitimiza. Sasa nitamzuia kwa mdomo mtupu?"

Nikatoka nje kupoa. Mahali pangu pa kupoa, ajabu, ni pale penye joto kuliko kote: nyuma ya jiko, upande wa nje. Jiko langu ni la matofali, limejengwa kuegemea ukuta wa mawe, na linawaka kuanzia alfajiri mpaka jioni. Ukuta ule unakausha soksi. Nikaegemeza mgongo, nikahisi joto likiniingia mbavuni, na papo hapo nikarudi ndani mbio nikamwambia Mzee alete ndoo yake.

Aliileta. Ule mche ulikuwa aibu tupu, majani ya manjano, vijiti vimejikunyata. Nilidhani atauweka tu. Kumbe alikuja na mkasi wa duka, wa kukatia vitambaa, akaukata matawi yote mpaka ukabaki kama vidole. Nilipiga kelele. Akanieleza kwamba asumini haitoi ua kwenye tawi kuukuu. Ua linakuja kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo asiyeukata anabaki na majani tu. Akautoa kwenye ndoo, akauchanganya udongo na mchanga na mavi makavu ya mbuzi wa jirani yetu Mulwa, na chini ya ndoo akatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto jikoni kwangu. Maji, akasema, ni mpaka kidole kizame kisikute unyevu.

Na mimi nikaingia kwenye shughuli, sijui niliingiaje. Nilisikia akisema majani ya chai yaliyokwisha kazi yanaifaa asumini, nikaimwagia ya kwangu, ya chai ya maziwa na sukari. Kesho yake sisimizi walikuwa wamefanya mkutano wa hadhara kwenye ndoo. Mzee aliwaondoa mmoja mmoja bila kuninung'unikia, na tangu siku hiyo nikawa naosha majani kabla ya kuyapeleka.

Alikuwa akija alfajiri kabla ya kwenda msikitini, na jioni akitoka kazini. Mkewe hakuambiwa kitu, maana Mzee hakutaka kuahidi tena.

Chipukizi likatoka. Halafu mengine. Yakawa ya kijani kibichi chenye kung'aa, na mimi nikawa naacha chapati ziungue nikaangalie. Jumapili sipiki, siku hiyo ni ya kanisa, na huo ukuta ungepoa. Nilipofikiria hilo nikiwa nimeshavaa nguo ya kanisani, nilirudi nikawasha jiko, nikateleka maharagwe na kumwachia binti yangu Stacy aangalie moto. Niliporudi kutoka ibada nikakuta watu wamejaa kwenye mabenchi wanangoja chakula, kwa kuwa wameona moshi. Stacy akaniuliza, "Mum, tuwaambie aje? Ati tunapikia maua?" Tukawauzia maharagwe.

Na matumba niliyaona mimi wa kwanza. Mimi! Jumatatu ya wiki ile ile ya safari, kwenye ncha za chipukizi, vitu vidogo vyeupe kama punje za mchele. Nilimpigia Mzee simu akiwa dukani. Nikamsikia akimwambia mteja samahani, kisha akaniomba niyahesabu. Kuanzia hapo hoteli nzima ilijua. Mafundi wa mjengo walikuwa wakinawa mikono na kwenda nyuma kutazama kabla ya kuagiza. Jumanne yamenenepa. Jumatano mimi sikulala vizuri. Yangefunguka kabla ya Ijumaa au yangetuaibisha?

Alhamisi saa kumi na moja jioni yalikuwa yamejaa, meupe, yamebana kabisa. Kesho yanafunguka, nikasema moyoni. Mkewe akipita asubuhi na mizigo yake tutamshika mkono tumlete aone. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Ndipo Mzee alipotokea na sindano na uzi, akapiga magoti mbele ya ndoo, akanyoosha mkono kuchuma.

Nikamshika mkono. Naapa nilimshika.

"Mzee, wacha! Hiyo maua haijaiva," nikamwambia. "Nimeiwashia moto hadi Sunday. Ngoja kesho ifunguke poa, tumuite aone."

Wateja wakaja kusikiliza. Fundi mmoja akasema Mama Stacy yuko sawa, hata ndizi haikatwi changa. Mzee hakuvuta mkono wake. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka mpaka meno yakaonekana.

"Mama Stacy, asumini huchumwa ikiwa imefumba," akasema. "Ikifunguka hapa, harufu yake ni ya ukuta wako. Nikiichuma sasa, itafunguka usiku, kichwani mwake."

Hata yule fundi wa ndizi alitazama chini. Nikauachia mkono wake.

Akachuma moja moja, akazitunga, uzi haukufika hata urefu wa mkono wangu. Nilizinusa. Hazikuwa na harufu yoyote, hata kidogo, na hofu ikanishika upya. Nilimkatia jani la mgomba shambani kwa Mulwa, akazifunga, akaenda zake nyumbani bila haraka kama kawaida yake. Mimi ndiye niliyebaki natembea huku na huku na mwiko mkononi.

Alfajiri niliwasha jiko. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata barabara. Nilikuwa nakanda unga niliposikia harufu, tamu, nzito, harufu ambayo haijawahi kuingia kwenye hoteli ile tangu niifungue. Nikageuka. Bi Kijakazi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika shali mbili, na ukingoni mwa ushungi wake maua yalikuwa yamechanua, meupe, yote.

Akapita moja kwa moja mpaka nyuma, akaitazama ile ndoo, akaugusa ukuta kwa kiganja. Akakiacha kiganja pale.

"Kumbe ni hapa," akasema. "Kila alfajiri mume wangu hutoka, hurudi ananuka moshi wa jiko lako. Nikasema, huyu ameoa."

"Ati na mimi, Mama Aqil?"

"Nikuulize wewe."

Tulicheka mpaka tukashikana. Kisha akapangusa macho, akasema basi leo anasafiri. Kwa hiyo kazi yote ile ilikuwa bure? Lakini alikuwa hajamaliza. Alisema magoti ni magoti, baridi hii hataiweza, ila amemwambia Aqil amkatie tiketi ya kurudi pia, mwezi wa tisa, jua likirudi. Na hatarudi mikono mitupu.

"Uzi ule hautoshi nywele na mto," akasema. Akanyoosha mikono yake yote miwili, akaanza kuupima ukuta wangu kutoka pembe moja. "Nitaleta miche mingine, na mrehani. Hapa panaingia ndoo ngapi?"

Asubuhi ile wateja walingoja chapati muda mrefu kuliko kawaida, wakanung'unika, na mimi sikuwajali. Nilikuwa nyuma, nahamisha kuni zilizoegemea ukuta ule.